Hita ya injini haitaki kukesha kwenye umeme

Wateja watatu wiki hii moja, maneno yaleyale: "Fundi, mi naichomeka jioni naichomoa asubuhi, si ndo injini inakuwa moto zaidi?" Jamani hapana. Hita hii ni ya umeme, ya kupasha injini kwenye baridi kali kabla hujaiwasha. Inapasha kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, iliyomo kwenye bloku, lile pande kubwa la chuma la injini, na baada ya masaa mawili matatu hivi joto linafika pale ambapo linaloingia ni sawa na linalopotea kwenye baridi, kuanzia hapo halipandi tena, unachopasha ni hewa ya nje na bili ni yako. Hita ya wati 800 ukiiacha masaa 12 inakula yuniti 9.6, ukiiweka masaa 3 ni 2.4, na asubuhi gari linawaka vilevile. Nunua taima, ile swichi ya saa inayojiwasha na kujizima. Taima, taima, ntaisema mpaka nistaafu, iweke iwashe hita masaa matatu kabla hujatoka, baridi ikizidi sana au dizeli kubwa ongeza moja au mawili, basi.

Na si bili tu. Huo usiku mzima ndo muda ambao ekstensheni mbovu inapata nafasi ya kuyeyuka huku wewe umelala. Watu wanachukua kawaya kembamba ka taa ya mezani, kanapita chini ya mlango, kalikobaki kameviringishwa kama kamba, halafu wanashangaa plagi imekuwa nyeusi. Hita ya gari inavuta umeme kama pasi! Tafuta waya mnene wa kutumia nje, pini tatu wenye ethi, usizidi urefu unaouhitaji, ukunjue wote, na soketi iwe na ile swichi inayokata umeme ukivuja. Mi huwa nashika plagi baada ya nusu saa, nikiona inachoma mkono nakata umeme pale ukutani kwanza, waya huo siurudii.

Eti kulanti tupu bila maji ndo haigandi. Kinyume chake, ile ya kawaida ya ethilini glaikoli ikiwa tupu inaanza kuganda kwenye nyuzi kama 13 chini ya sifuri, ukichanganya nusu kwa nusu na maji inafika kama 37. Halafu kiwango kikishuka au hewa ikibaki ndani baada ya kubadilisha kulanti, hita inapasha ikiwa kavu na inaungua, kwa hiyo toa hewa kwanza ndo uchomeke.

Betri? Hita haichaji betri, betri iliyochoka itabaki imechoka.

Kuwasha injini ndani ya gereji iliyofungwa badala ya hita, au kuweka makaa chini ya injini, hayo sitaki hata kuyajadili. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.

La mwisho, "nimechomeka kwa hiyo inafanya kazi". Sikiliza, hita isiyoharibika mara nyingi inatoa sauti ya kuchemka kwa mbali. Kama husikii kitu ichomoe, chukua mita ya umeme upime omu (ukinzani) kati ya zile pini mbili za umeme za plagi yake, ya wati 800 kwenye volti 230 isome kama 66. Mita isiposoma kitu basi imekatika, yaani siku zote hizo ulikuwa unachomeka pambo.