Plei ya stelingi kwenye gari la rimoti la zamani

Dereva yeyote wa lori aliyewahi kushuka Kitonga na mzigo anaijua plei: unazungusha usukani, na matairi bado hayana habari. Ni ile nafasi inayopotea kabla kipande kimoja hakijaanza kukisukuma kingine. Kwenye gari la rimoti la zamani, tuseme Tamiya Hornet au Grasshopper, zote za 1984, plei ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba anayesukuma tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi, ni sevo, kimota kidogo chenye gia zake ndani ya kiboksi.

Wengi huichanganya na gari kuvuta upande. Linalovuta kushoto kila siku lina tatizo la katikati, na hilo linaisha kwa kitufe kidogo cha kwenye rimoti au kwa kurekebisha urefu wa tairodi. Plei haina upande. Gari linakwenda kushoto, linagonga kokoto, linahamia kulia, na ukilirudisha linapitiliza. Bonyeza kitufe mpaka kidole kiume, hupati kitu.

Tena haikai mahali pamoja. Boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo, ina yake kidogo, kingipini, pini ambayo tairi hugeukia, yake kidogo, gia za sevo nazo zao, na zote zinajumlishwa zikifika kwenye tairi. Ili uione, inua gari magurudumu yaning'inie, washa rimoti kwanza kisha gari, ili sevo ishike mkono wake. Sasa tikisa tairi la mbele polepole kwa vidole viwili, na macho yako yafuate kutoka tairini kurudi kwenye sevo. Pale ambapo kipande kimoja kinacheza na kinachofuata kimetulia, umefika.

Kwa magari ya umri huu, mara nyingi utaishia kwenye kinga ya sevo. Ni kipande cha plastiki chenye springi, kinafungwa juu ya ekseli ya sevo na kulegea tairi likigonga ukuta, ili meno ya gia yasikatike. Springi ikichoka, kinalegea hata kwa kokoto. Hapa ndipo watu wanapochoma hela: wananunua sevo mpya yenye nguvu, wanaifunga na kinga ileile, kisha wanalaumu sevo. Mimi ningeanza na kinga. Ukiinunua, angalia meno ya ndani, maana ekseli ya sevo ya Futaba ina meno 25 na ya Sanwa 23. Ukilazimisha zisizolingana, umejitengenezea plei nyingine.

Matundu ya kingipini ndiyo yanayofuata. Kiangazi cha Mbeya kina vumbi, vumbi linanasa kwenye grisi, na mchanganyiko huo unasaga plastiki mpaka tundu la mviringo linakuwa na umbo la yai. Safisha kwa spiriti, paka supaglu kidogo kwa kijiti kwenye kuta za tundu, acha ikauke kabisa, kisha pitisha kwa mkono biti ya drili yenye kipenyo cha pini. Usirudishe pini gundi ikiwa mbichi, utaifunga moja kwa moja. Kinachocheza juu na chini kinatulizwa kwa washa nyembamba, kile kipete cha bapa. Bushi za plastiki, vile vipete ambamo ekseli ya gurudumu huzunguka, ni rahisi zaidi: pima, utafute beringi za kipimo hicho. Kipimo cha kawaida kwenye Tamiya ni milimita 11 kwa 5 kwa 4.

Ila usiimalize plei yote. Chomoa tairodi kwenye sevo, ulaze gari ubavu: magurudumu yanatakiwa yageuke yenyewe kwa uzito wake. Yakigoma umebana mno, na sevo itakuwa inanguruma muda wote ikila betri na kupata moto. Milimita moja kwenye ukingo wa tairi, kwa gari la 1984, iache.