Uliza kwanza anayesema ni nani

Msimu wa mahafali ukifika, mitandao hujaa picha za maua na jua linalochomoza, na chini yake maneno: "Kuwa mkweli kwa nafsi yako – Shakespeare." Kwa kuwa nafundisha tamthilia, marafiki hunitumia wakidhani nitafurahi. Nafurahi, ila kidogo. Shakespeare hakutuachia kitabu cha nasaha. Katuachia wahusika, na wengi wao wana lao jambo.

Kauli hiyo ni ya Polonius, mshauri wa mfalme katika Hamlet, akimuaga mwanawe Laertes anayerudi Ufaransa. Wosia mzuri kabisa. Lakini sehemu ya pili ikianza tu, mzee huyohuyo anamtuma mtumishi wake aende Paris akampeleleze kijana, tena anamwagiza amzulie vijimambo ili watu wafunguke. Chambo cha uongo, anasema, hunasa samaki wa kweli.

Hata hivyo Polonius ni cha mtoto mbele ya Iago, yule mlaghai wa tamthilia ya Othello. Wengi wanaikariri kauli yake bila kujua ni yake: anayeniibia mkoba kaniibia takataka, lakini anayenipora jina langu jema kachukua kisichomtajirisha yeye, nami kaniacha fukara. Nani atabisha? Sasa tazama anamwambia nani. Anamwambia Othello, jemadari wake, ambaye ameshaanza kumtilia shaka mke wake, Desdemona. Iago anajifanya hataki kusema anachokifikiria, eti anaogopa kuharibu majina ya watu. Kadiri anavyosita, ndivyo Othello anavyozidi kuungua.

Rudi nyuma kidogo. Cassio, msaidizi wa Othello jeshini, amevuliwa cheo kwa ugomvi wa ulevi, ugomvi ambao Iago mwenyewe ndiye aliyeupanga. Analia kwamba amepoteza jina lake. Iago huyohuyo anamjibu kwamba jina ni upuuzi mtupu; mara nyingi mtu hulipata bila kustahili na kulipoteza bila kosa. Kwa huyu jina si kitu, kwa yule jina ndiyo kila kitu, na kauli zote mbili zina ukweli ndani yake! Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi. Uongo wa waziwazi huenda Othello angeushtukia. Kilichomponza ni maneno ya kweli kutoka mdomo mbaya.

Tamthilia ya Julius Caesar tunayo kwa Kiswahili tangu 1963, alipoitafsiri Mwalimu Nyerere. Humo Cassius, seneta wa Roma, anamwambia mwenzake Brutus kwamba tukiwa watu wa chini, kosa haliko kwenye nyota zetu bali liko kwetu wenyewe. Siku hizi kauli hii hutumika kuwahimiza vijana wajitume. Cassius alikuwa anatafuta mtu wa kuingia naye kwenye njama ya kumuua Caesar.

Mimi ningechagua swali analouliza muda mfupi baadaye, Brutus akishaondoka: nani aliye imara hata asiweze kushawishika? Yuko peke yake jukwaani, hana wa kumrubuni, na anayemzungumzia ndiye anayeheshimika kuliko wote Roma. Papo hapo anapanga kurusha barua madirishani kwa Brutus, zenye miandiko tofauti, zionekane zimetoka kwa wananchi mbalimbali. Brutus anaisoma mojawapo, na usiku huohuo anashikana mikono na wauaji.