Kongamano kwa mwanablogu: ni nini, na mwandishi anatoka na nini

Kila nikiaga hapa Uyole, Mbeya, kwamba kesho nasafiri kwenda kongamano, jirani yangu mwenye genge huniuliza swali lile lile: "Mwanangu, posho wanatoa shilingi ngapi?" Simlaumu. Tumezoea semina ya kusaini karatasi ya mahudhurio, kunywa soda na kuondoka na bahasha. Kongamano ni kitu kingine, na kwa mtu anayeendesha blogu kinaweza kugeuza kazi yake yote. Naandika haya kwa sababu waandishi wengi wa mtandaoni wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaliona kongamano kuwa jambo la watu wa Dar es Salaam.

Tuanze na neno lenyewe. Kukongamana ni kukusanyika pamoja kwa wingi, na mwisho wa neno hilo unalia kama kuonana na kujuana. Semina ina mwalimu na wanaofundishwa. Warsha ni mahali pa kutengeneza kitu: mnaingia mikono mitupu, mnatoka na kazi. Mkutano huitishwa kwa ajenda, ili jambo liamuliwe. Kongamano nalo lina mada, watoa mada na wachangiaji, lakini uzito wake uko kwa waliofika. Watu wa fani moja waliotawanyika wilaya kwa wilaya wanakaa chini ya paa moja siku mbili tatu, na kila mmoja amekuja na alichonacho.

Kwa nini mwanablogu analihitaji kongamano kuliko mwandishi wa gazeti? Mwandishi wa gazeti ana chumba cha habari. Akikosea jina la kijiji, mhariri atamshika kabla ya kuchapwa. Akikwama, kuna mzee kwenye meza ya pili anayemjua mkuu wa wilaya wa zamani. Mwanablogu yuko nyumbani na simu, bando na giza la saa nne usiku. Anaandika, anahariri, anapiga picha, anatafuta matangazo, na hakuna wa kumwambia kwamba kichwa cha habari kinapotosha. Wasomaji husifu au hutukana. Wenzako wa kazi ndio husahihisha. Miaka yangu miwili ya kwanza sikuwa na mwenzangu hata mmoja, na nikiyasoma leo mabandiko ya wakati ule naona kila mahali nilipohitaji mtu wa kunivuta shati.

Historia ya blogu za Kiswahili yenyewe ina mfano mzuri. Septemba 2005, mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alikuwa Helsinki, Finland, kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu utandawazi na demokrasia, ambao Finland na Tanzania ziliuendesha kwa pamoja. Mkutano ule haukuwa wa wanablogu. Lakini huko alikutana na Ndesanjo Macha, Mtanzania ambaye tayari alikuwa akiblogu kwa Kiswahili, na Ndesanjo akamsaidia kufungua blogu yake. Blogu ya Michuzi ikaja kuwa mahali ambapo Watanzania wengi, wa nyumbani na wa ughaibuni, walifungua kila siku kutazama picha za nchi yao.

Mfano wa pili ni Arusha, Juni 2007, kwenye TEDGlobal, kongamano la kimataifa la watu wenye mawazo mapya. William Kamkwamba alikuwa kijana wa Malawi, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, aliyeunda kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na magogo ili kuwasha taa nyumbani kwao. Gazeti la kwao liliandika habari zake mwaka 2006, wanablogu wakaidaka, ikamfikia Emeka Okafor, naye mwanablogu, ambaye ndiye aliyekuwa akiandaa kongamano lile. Akamwalika. Waliomsikia pale Arusha walimsaidia kurudi shule, na mwaka 2014 alihitimu chuo cha Dartmouth, Marekani. Kwenye kongamano hilo hilo walikuwapo wanablogu wawili, Ory Okolloh wa Kenya na Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Kenya na Sudan. Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, Ory aliomba kupitia blogu yake wajitokeze mafundi wa kutengeneza ramani ya matukio ya ghasia. Erik alikuwa miongoni mwa walioitika, na ndani ya siku chache ramani hiyo, tovuti iliyoitwa Ushahidi, ilikuwa hewani. Ukishamwona mtu uso kwa uso, ombi lake hulisomi kama la mgeni.

Mimi mwenyewe nilichelewa kuyaelewa haya. Kongamano langu la kwanza lilikuwa Dar es Salaam. Nilipanda basi alfajiri, zaidi ya kilometa 800, nikafika miguu imevimba. Siku mbili nzima nilikaa kiti cha nyuma nikinakili maneno ya kwenye skrini. Wakati wa chai nilichukua sambusa nikarudi kitini kulinda nafasi. Nilirudi Mbeya na begi, kalamu na daftari lililojaa, na sikuwa na namba ya simu ya mtu hata mmoja. Yale niliyonakili yote yangeweza kunifikia kwa barua pepe.

La pili lilikuwa dogo, Iringa, watu wasiozidi arobaini: waandishi wa mtandaoni, maofisa ugani, na wanunuzi wa mazao. Ubaridi ulikuwa mkali, watu wakisalimiana "kamwene" huku wamekumbatia vikombe. Kwenye meza ya chai nilisimama karibu na mzee mmoja mnunuzi wa parachichi kutoka Njombe. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba naandika habari za kilimo, na kwamba wakulima wa Rungwe wananilalamikia kuwa matunda yao yanakataliwa wakati kwa macho ni makubwa na mazuri. Hakunijibu. Alitoa mfukoni parachichi mbili za aina ya Hass, akaomba kisu cha kukatia keki, akazipasua zote juu ya sahani. Ya kwanza, ganda jembamba linalofunika kokwa lilikuwa jeupe, nene, limeng'ang'ania nyama ya tunda. Ya pili, ganda lile lilikuwa la kahawia, limekauka kama karatasi. "Hii ya kwanza imechumwa mtoto," akasema. "Ukiiweka ndani haiivi, inasinyaa na kuwa kama mpira. Mkulima apasue moja kabla ya kuchuma shamba zima."

Nilipiga picha sahani ile. Bandiko lililotoka na picha hiyo limesomwa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kuliko lolote nililowahi kuandika, na mpaka leo kuna wakulima wananitumia picha za kokwa. Mada iliyokuwa ikitolewa ukumbini wakati ule siikumbuki.

Kuna faida nyingine ya kikazi, ambayo ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, wanablogu walitakiwa kupata leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ada za mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2. Wengi waliacha kuandika. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na mwaka 2022 ikatungwa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusoma nyaraka hizi peke yako ni kazi ngumu. Kwenye kongamano unaweza kumkalia mwanasheria mezani ukamuuliza: picha ya mama anayeuza ndizi soko la Mwanjelwa, bila ruhusa yake, naiweka au siiweki?

Sasa gharama, maana nauli, malazi na chakula vyote vinatoka mfukoni mwako. Ushauri wangu ni huu: kama blogu yako ina mabandiko manane, usikope nauli ya kwenda mbali. Subiri Agosti, nenda maonyesho ya kilimo ya Nanenane viwanja vya John Mwakangale hapa Uyole. Watafiti, wafugaji, wasindikaji na wauza pembejeo wa kanda nzima wanasimama kwenye mabanda yao wakisubiri kuulizwa, na hilo kwangu ni kongamano kamili lisilo na ukumbi. Na ukialikwa mahali wanapodai kiingilio kikubwa, wanaahidi cheti, ila hawataji watoa mada ni akina nani, baki nyumbani uandike.

Ukiamua kwenda, soma kwanza kazi za wale watakaokuwepo, uende na maswali yako matatu yaliyoandikwa. Kaa mbele. Chai usinywee kitini. Na jambo ambalo wengi wetu hulisahau ni kwamba sehemu kubwa ya kongamano hufanyika baada ya watu kuagana. Siku ile niliporudi kutoka Iringa, basi likiwa kati ya Mafinga na Makambako, niliandika jina la kila niliyeongea naye, anakotoka, na tulichozungumza, kabla usingizi haujanifutia. Kesho yake asubuhi nikaanza kutuma ujumbe. Kwa yule mzee niliandika: "Shikamoo baba, ni yule kijana wa Mbeya wa parachichi. Nimefika salama." Jibu lilikuja jioni: marahaba, na picha ya tunda lililopasuliwa, lenye doa jeusi kando ya kokwa, na swali lake, "Na hili je, wakulima wa huko Rungwe wanaliona?" Siku iliyofuata nilipanda daladala kwenda Tukuyu kuuliza.