Hakuna "Myahudi wa moyoni", tuelewane leo

Juzi tena nimeandikiwa na kijana wa chuo, ana miaka 20, anasema "mwalimu mimi tayari ni Myahudi moyoni, kanisa nimeshaacha, naomba tu unielekeze cheti kinatoka wapi." Nimemjibu kwa upole lakini jamani nimechoka. Nafundisha wanaotaka kuingia Uyahudi na karibu wote wanakuja na hiyo sentensi, kwa hiyo naiandika hapa kwa urefu, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Naelewa inakotoka. Huku kwetu mtu akiokoka ananyoosha mkono, anaombewa, amekuwa. Akisilimu anatamka shahada, amekuwa, mengine atajifunza akiwa ndani. Kwetu Wayahudi ni kinyume kabisa: unajifunza kwanza, unaishi hivyo kwanza, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, halafu marabi watatu wanakaa kama mahakama na WAO ndio wanaamua. Huwezi kujitangaza mwenyewe. Ni kama uraia, huwezi kuamka asubuhi ukasema mimi ni Mbotswana kwa sababu naipenda sana Botswana, upendo wako ni wa kweli na bado hujawa Mbotswana.

Soma Ruthu 1:16 polepole. "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Watu wametangulia! Kila kijana ananinukulia nusu ya pili, ya Mungu, hiyo ya kwanza anairuka, na hiyo ya kwanza ndiyo kazi yenyewe. Unaingia kwenye watu wenye historia yao, misiba yao, kalenda yao, maadui zao, ugomvi wao wa ndani ambao hauishi.

Talmudi yenyewe, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, sehemu ya Yevamoti 47, inaeleza mtu akija anaulizwa nini, na swali la kwanza si "unaamini nini". Anaulizwa: umeona nini mpaka ukaja, hujui kwamba Israeli siku hizi wanaonewa na kusukumwasukumwa? Akijibu "najua, na wala sistahili", anapokelewa hapo hapo, anaambiwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya nzito, na adhabu zake, na jambo ambalo mimi hunigusa kila nikilisoma, anaambiwa habari ya kumwachia maskini masalio ya mavuno shambani. Halafu walimu wanaonywa wasimzidishie. Hakuna mtihani wa imani pale. Kuna kukubali mzigo.

Hii mnayoisikia kwamba rabi lazima akufukuze mara tatu kabla ya kukupokea ni desturi, wengine wanafanya wengine hawafanyi, usiipangie maisha yako. Tohara: hata kama ulishatahiriwa jandoni au hospitali, linatolewa tone la damu, basi. Mikve, yaani kuzama kwenye maji ya utakaso, ni kwa wote, wanaume na wanawake, mwili wote uzame hadi nywele, na bahari inafaa pia. Jina la Kiebrania utapewa, utaitwa mwana au binti wa Abrahamu. Hayo ni ya siku moja.

Ya kila siku ndiyo nataka mnisikilize. Mutura, ile soseji ya damu, umeaga. Kambare, kamba, pweza, umeaga. Sato sawa, ana magamba na mapezi. Nyama ya halali si kosha, yaani inayoruhusiwa kwa sheria yetu, naomba hili lisirudiwe tena kwenye inbox yangu, na kwa kuwa bucha ya kosha mtaani kwenu haipo wengi wetu tunaishi kwa samaki, maharage na mboga. Shabati, yaani Sabato, inaingia Ijumaa jua likizama, hapo tuna nafuu maana tuko karibu na ikweta, mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, wenzetu wa London majira ya baridi wanawahi kabla ya saa kumi jioni. Lakini mtihani wa chuo ukipangwa Jumamosi utafanyaje? Harusi ya dada yako Jumamosi?

Na kitu ambacho wanafunzi hawakiamini nikiwaambia: kabla ya mikve HURUHUSIWI kushika Shabati kikamilifu. Walimu wa zamani walisema wazi kwamba hiyo ni ya Israeli, kwa hiyo mwanafunzi anafanya kitu kimoja kidogo cha kuivunja, anawasha taa, anaandika neno. Huyu kijana wangu "wa moyoni" alikasirika sana niliposema hivyo.

Halafu, nani amekuambia Mungu anakudai uwe Myahudi? Kwa mafundisho yetu asiye Myahudi ana amri 7 za Nuhu, asiue, asiibe, asizini, asiabudu sanamu, asimkufuru Mungu, asile nyama iliyokatwa kwa mnyama aliye hai, na waweke mahakama za haki. Mwenye haki wa mataifa yote ana sehemu katika ulimwengu ujao, Rambamu, mwanazuoni wetu mkubwa wa zama za kati, ameliandika hilo bila kuficha. Kwa hiyo kama unaogopa jehanamu, hujafika mlango sahihi. Hatuna wokovu wa kukuuzia. Njoo kama huwezi kuishi bila watu hawa na amri zao 613. Na kama ni pasipoti ya Israel unayotafuta, Sheria ya Kurudi ya 1950, ilivyorekebishwa 1970, inamtambua aliyebadili dini, lakini serikali inakagua nani alikubadili na wapi, na mwaka 2018 ombi la mmoja wa Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya Uganda, lilikataliwa.

Abayudaya hao ndio wananinyima usingizi. Kiongozi wa Kiganda, Semei Kakungulu, aliianzisha jamii hiyo karibu na Mbale mwaka 1919, akatahiriwa, akafuata Torati. Wajukuu walishika Shabati kwa siri enzi za Idi Amin. Halafu 2002 watu kama 400 wakaingia mikve mbele ya marabi wa Conservative, tapo la Kiyahudi la msimamo wa kati, kana kwamba wanaanza mlangoni, na bado Wayahudi wengi wa Orthodoksi, wenye msimamo mkali zaidi wa sheria, hawaitambui mikve ile. Halaka, sheria ya Kiyahudi, inasema mahakama lazima. Nakubali, na ndiyo ninayowafundisha. Lakini watu waliokuwa tayari wameteswa kwa ajili ya Shabati? Sina jibu linalonitosheleza.

Na lingine linalonisumbua: kijana aliye peke yake mjini kwao, hakuna sinagogi, hawafiki wale kumi wanaohitajika kwa sala ya pamoja. Kumfundisha ni rahisi, ila kumpeleka mahakamani halafu kumrudisha kwenye upweke ule sidhani ni haki. Marabi wengine wanamkataa kabisa mpaka ahame. Mimi huwa namwomba kwanza akakae na jamii, Nairobi au Mbale, sikukuu za Septemba na Oktoba zote, afunge Yom Kippur, siku ya toba, nao, aoshe nao vyombo. Akirudi bado anataka, ndipo tufungue vitabu. Na kama hujafika miaka 18, ongea na wazazi wako kabla hujaniandikia mimi.