Je, wajua kwa nini kiambatisho cha barua pepe hufika kikiwa winmail.dat?

Umeusubiri mkataba tangu asubuhi. Mtumaji anaapa kwamba ameambatisha PDF, tena anaiona kabisa kwenye barua alizotuma. Kwako kuna faili moja tu, winmail.dat, na ukilibofya kompyuta inauliza ilifungue kwa programu gani. Wote wawili mnasema kweli: PDF ilitumwa na imefika. Imo ndani ya faili hilo.

Winmail.dat ni kifurushi. Muundo wake unaitwa TNEF, na ni wa Microsoft. Mtu akiandika barua kwenye Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, kwa muundo wa Rich Text, programu hukusanya rangi na aina za herufi, mialiko ya mikutano, vitufe vya kupigia kura na viambatisho, ikavifunga vyote pamoja. Outlook ya upande wa pili hukifungua kifurushi kimyakimya, mpokeaji asijue kama kilikuwapo. Lakini programu nyingi za barua pepe zimezoea MIME, utaratibu wa pamoja wa kupanga viambatisho uliotangazwa mwaka 1992, na TNEF haziijui. Programu hizo hukupa kifurushi kama kilivyo. Ndiyo maana barua moja ikienda kwa watu watatu, mmoja anaweza kuiona PDF na wenzake wakaambulia winmail.dat.

Wengi hukimbilia kubadili jina: wanafuta .dat, wanaandika .pdf. Faili linagoma kufunguka, na kinachoniuma ni kwamba mtu huamini limeharibika akalitupa, na kumbe mkataba wake ulikuwa humo mzima. Jina ni lebo tu; aina ya faili hujulikana kwa baiti zake za mwanzo, yaani vipande vidogo vya data vinavyolianza. PDF huanza na %PDF. Sasa fungua winmail.dat kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, usihifadhi chochote, na utazame mwanzo kabisa: xŸ>". Hiyo Ÿ huenda kwako ikaonekana kama alama nyingine, ila x, > na " hazibadiliki. Ni baiti 78 9F 3E 22, muhuri wa TNEF. Ukiuona, tulia.

Kilichobaki ni kukifungua kifurushi. Kwenye Linux kuna programu iitwayo tnef. Kwenye dirisha la amri (terminal), andika tnef -t winmail.dat uone orodha ya vilivyomo, kisha tnef winmail.dat, na PDF itatokea kwenye folda uliyomo ikiwa na jina lake la awali. Windows ina Winmail Opener, Mac ina TNEF's Enough. Zipo pia tovuti zinazofanya kazi hiyo, lakini mkataba au majibu ya vipimo vya hospitali nisingeyapandisha kwenye seva ya mtu nisiyemjua. Na wakati mwingine kifurushi kina mapambo ya maandishi tu, hakuna kiambatisho chochote, kwa hiyo orodha ikiwa tupu usihangaike kutafuta.

Dawa ya kudumu iko kwa mtumaji. Aingie kwenye mipangilio ya Outlook, sehemu ya Mail, achague HTML badala ya Rich Text, kisha atume upya. Kama HTML alishaichagua na bado inatokea, aifute anwani yako inayojileta yenyewe anapoanza kuiandika, aiandike yote upya kwa mkono. Huenda ndiyo iliyobeba mpangilio wa zamani.