Je, wajua kwa nini mwandishi wa riwaya ya kijasusi inabidi aulize upepo kwanza?

Mswada wangu uko karibu kwenda kwa mchapaji, ni riwaya ya majasusi hapa Lamu mwaka 1890, na muda wote naandika watu waniuliza habari za bastola na sumu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza upepo, mpaka nikamsomea nahodha mmoja mzee wa Shela sura ya tisa. Jasusi yuko gatini usiku, mwezi wa saba, anampa baharia barua, siku ya nne barua iko Unguja. Mzee akaweka kikombe cha kahawa chini, akaniangalia. "Mwanangu, hii barua yako imekwenda na upepo gani?"

Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala.

Manake ujasusi wote ni habari kufika mapema. Waya wa telegrafu ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, lakini miaka hiyo Lamu haukuwepo, kwa hiyo neno la Berlin au London lafika Unguja chapuchapu halafu pale linakuwa mzigo wa jahazi kama chumvi au boriti, zaidi ya kilomita 450 za bahari. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, kama Disemba hadi Machi, yashusha vyombo kwenda Unguja. Kusi, upepo utokao kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, yavipandisha huku kwetu, na anayetaka kushuka wakati huo atapiga bisho, yaani kwenda upande upande akipingana na upepo, siku nenda siku rudi, tena mwezi wa saba bahari ya nje imechafuka manahodha wengi hata hawatoki.

Sasa angalia tarehe. 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba Berlin, Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland na ikawaachia Waingereza Witu, usultani wa hapo bara karibu na sisi, ambayo ilikuwa himaya yake tangu 1885 baada ya ndugu Clemens na Gustav Denhardt kuelewana na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba. Kusi ndo imepamba moto! Yaani habari ya kuuzwa kwa Witu yapanda na upepo nyuma, lakini mtu wa Lamu akitaka kujibu, kuonya, kuomba msaada, upepo wote uko usoni mwake. Mimi nilikuwa nimeliandika kinyume kabisa.

Nikajaribu kukimbilia meli za moshi, zilikuwepo, ila ukimpa karani barua ashakuona uso. Posta je? Wajerumani walikuwa na posta yao hapa Lamu, ilifunguliwa Novemba 1888 ikafungwa Machi 1891, lakini posta yagonga muhuri wa mahali na tarehe, na hivyo ndivyo vitu viwili jasusi hataki viandikwe popote. (Tarehe zenyewe nilizirekebisha pia, kwa mtu wa Lamu ile haikuwa Julai, ilikuwa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwaka 1307 wa Kiislamu.)

Basi sura ya tisa nimeifuta nzima. Sasa jasusi wangu hasafirishi kitu, amekaa chumba cha juu na barua kifuani, kila alfajiri apanda darini kutazama bendera za majahazi zimelalia wapi, na zalalia kaskazini, kila siku kaskazini, mpaka Oktoba Waingereza wanaiteketeza Witu na barua bado anayo.