Umepandikizwa figo ukapata korona? Usiache dawa mwenyewe

Miezi hii kliniki yetu inapokea watu waliopandikizwa figo wakiwa na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) imepanda, ukimuuliza anakwambia daktari nilishikwa na korona nikaona niache kwanza zile dawa za kushusha kinga ili mwili upate nguvu. Jamani. Tunajua hamfanyi kwa ubaya, lakini figo aliyokupa ndugu yako inaweza kukataliwa na mwili kwa kuruka dozi za siku chache tu, na korona bado unayo.

Kupunguza dawa kupo ila ni kazi ya daktari wako. Katika hizo dawa za kushusha kinga, mara nyingi tunaanza kusimamisha maikofenoleti, takrolimusi tunaipima kwenye damu kabla ya kuigusa, na predinisoloni haikatwi ghafla kwa sababu mwili uliozoea kuipata unaweza kuanguka presha ukaishia ICU.

Kingine tunachosikia sana ni "sina homa, haya ni mafua tu". Dawa zenyewe zinaficha homa! Mwaka 2020 hospitali moja ya Bronx, New York ilifuatilia wagonjwa 36 wenye figo za kupandikizwa waliopata korona, wanne hivi katika kila kumi hawakuwa na homa, na katika muda wa kama wiki 3 walikuwa wamefariki 10. Kipindi kile chanjo haikuwepo na leo hali ni nafuu zaidi, ila Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Mei 2023 kwamba dharura imeisha halikusema kirusi kimeisha. Kwa hiyo kikohozi, kuharisha au uchovu usio wa kawaida, pima.

Ukigundulika unayo piga simu kliniki siku hiyohiyo, alafu ukiitwa kupima kiwango cha takrolimusi njoo asubuhi KABLA hujameza dozi ya asubuhi, dozi uje nayo mkononi umeze baada ya kutolewa damu, na uandike saa uliyomeza ya jana usiku, maana ukimeza kwanza majibu yanatoka juu kwa uongo, tunakupunguzia dawa ambayo hukuzidisha na kipimo inabidi kirudiwe. Ukiharisha sema mapema, kuharisha kunapandisha takrolimusi.

Dawa za duka la pembeni hapana. Antibayotiki ya erithromaisini inapandisha takrolimusi, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaumiza figo moja kwa moja, na mizizi ya kuchemsha hatujui ndani kuna nini, wala anayekuuzia hajui. Hata Paxlovid, ambayo ni dawa halisi ya korona, ina ritonavir inayoweza kurusha takrolimusi mara nyingi zaidi ya kawaida, kwa hiyo haianzwi bila sisi kujua. Wenye maduka nao wakumbuke kuuza dawa ya cheti bila cheti ni kosa kisheria, Baraza la Famasi lina mamlaka ya kumchukulia hatua mfamasia na duka lenyewe.

Kuhusu chanjo, hizi za korona tunazotumia hazina kirusi hai, haziwezi kukupa korona, naomba hili tusilirudie tena. Shida yake kwenu ni nyingine, zinashika kidogo. Watafiti wa Johns Hopkins mwaka 2021 walipima watu 658 waliopandikizwa viungo, baada ya dozi mbili ni 54% tu waliotengeneza kingamwili, ndo maana Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likashauri wenye kinga ya chini waongezewe dozi. Na ndo maana tunawasumbua mke, mume na watoto nao wachanje.

Ukianza kupumua kwa shida usingoje siku ya kliniki, nenda dharura ya hospitali iliyo karibu, beba dawa zako zote na kadi, na kabla hujachomwa sindano yoyote ya maumivu waambie umepandikizwa figo, wapigie simu kliniki yako hapohapo.